Asiyepiga Mswaki

Mwanahawa, mdogo wangu,

Mwanao Salima amepiga mswaki asubuhi hii. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu.

Ulifariki Jumanne, siku moja baada ya kuanguka mbele ya darasa lako la chekechea hapa Rahaleo. Tulikuzika Jumatano, nyumbani Msimbati. Nakutajia kwa mpangilio kwa sababu watu wameshaanza kuuvuruga. Wengine wanasema ulirogwa, wengine kwamba kelele za watoto ndizo zilizokumaliza. Daktari alisema presha. Vidonge vyako vilikuwemo kwenye mkoba, pakiti haijafunguliwa. Watoto wa watu uliwakumbusha mswaki kila siku ya Mungu, na vidonge vyako mwenyewe ukavisahau. Nilikukasirikia kwa hilo na bado sijaacha.

Katika mkoba huo huo ulikuwemo mswaki wako wa kufundishia. Siku ya pili ya msiba Bi Chande aliuchukua. Mila unaijua: yeye ni mtani wetu, na mtani akimwigiza marehemu, wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Alijifunga khanga yako, akashika kiuno kama ulivyoshika wewe, akawageukia watoto waliojaa uani.

"Jamani, mwalimu wenu nimesahau. Mswaki unapigwa wapi? Hapa?" Akasugua kiwiko.

"Siyo hapo, mwalimu."

"Basi hapa?" Akasugua sikio.

"Siyo hapo."

Alikuigiza barabara. Ndivyo ulivyofundisha miaka yote. Ulijifanya mjinga, watoto wa miaka minne wakawa walimu wako, na katika kukuonyesha wakajikuta wamesugua mpaka magego. Nilikuja darasani kwako mara moja tu. Niliwakuta wamepanga mstari ukingoni mwa baraza, wanashindana nani atatema povu lifike kwenye mpapai. Ulitema nao. Ulishindwa na binti mmoja asiye na meno ya mbele, ukamwambia, "Wewe mlango wako uko wazi, si haki."

Bi Chande hakuishia hapo. Akaongeza la kwake, kwa sauti yako: "Sasa sikilizeni. Mimi nimeshahama. Asiyepiga mswaki nitamfuata, niondoke naye."

Watu walicheka mpaka wakalala mkekani. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Nilicheka na mimi. Salima, aliyekuwa amekaa katikati ya wenzake, alicheka, kisha akafunga mdomo ghafla. Nilimwona. Miaka yote hii naandika habari, kazi yangu ni kuona vitu kama hivyo na kuuliza. Niliona, sikuuliza.

Baba yake yuko Songea kwa mke mwingine. Alitoa pole kwa simu. Mtoto wa dada ni wa mjomba, kwa hiyo kikao hakikuhitajika. Nilimleta kwangu na begi lake.

Tangu siku ya kwanza alikataa mswaki. Chakula alikula, kuoga alioga, chekechea alikwenda. Mswaki tu. Mke wangu Asha alinunua dawa ya meno yenye ladha ya embe, akanunua na mswaki wenye picha ya samaki. Mimi nikajaribu ufundi wako. Nilisugua kiwiko, nikasugua sikio, nikauliza, "Hapa?" Alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi njiani.

"Mjomba, unachafua shati."

Siku moja tulitumia nguvu. Asha alishika kichwa, mimi nikashika mswaki. Aliniuma kidole mpaka damu ikatoka. Tuliacha, si kwa huruma. Tulishindwa.

Mwezi wa tatu tangu nimlete, shavu lilivimba. Gego moja lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na daktari wa meno akasema ling'olewe. Salima hakulia. Daktari alimsifu kwa ujasiri, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na uso wake. Hakuwa jasiri. Alikuwa amefurahi. Tukiwa njiani kurudi, pamba ikiwa bado mdomoni, aliniuliza, "Mama anapajua kwako, au atanifuata Msimbati?"

Nilipomwambia Asha, alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto. Chini yake alikuta begi limefungwa: magauni mawili, ndala na kitana chako. Salima hakuficha chochote.

"Bi Chande alisema asiyepiga mswaki mama anamfuata. Mimi sijapiga hata siku moja."

Alisema kama mtu aliyetimiza masharti yote na sasa anangoja kuhudumiwa.

Nilimpigia simu Bi Chande. Alinijibu kwa ukali: "Wewe mtu wa magazeti, mtani haombi radhi, hilo hujui?" Kisha nikamsikia anapenga kamasi. Kesho yake alifika na khanga yako ameikunja kwapani. Alikuwa na shauri. Atajifunga tena, atajifanya wewe, atamwambia mtoto kwamba ameghairi safari na kwamba anataka meno yawe safi. "Atatii leo hii," alisema. Asha alikubali. Mama alikubali kwa simu. Hata mimi niliamini kwamba ingefaa. Ingefaa kwa meno. Lakini mtoto angekuwa amekuona umekuja mara moja, na angekaa kungoja mara ya pili.

Nikakataa. Bi Chande aliniambia nina roho ya jiwe.

Jumamosi asubuhi nilimchukua Salima mpaka kaburini kwako. Nilimwambia: "Mama yako yumo humu. Amekufa. Bi Chande alikuwa anatania. Mama haji kumchukua mtu."

"Hata meno yakioza?"

"Hata yakioza."

"Hata yakiisha yote?"

"Hata yakiisha yote."

Aliniambia mimi mwongo. Alinipiga teke gotini, akaketi mchangani, akalia mpaka akatapika. Nilisimama pale. Sikumbembeleza, kwa sababu kila neno la kubembeleza nililolifikiria lilikuwa na uongo ndani yake. Alipochoka aliinua mikono, nikambeba. Tulipofika nyumbani alifungua begi mwenyewe, akarudisha magauni kabatini, moja moja.

Tangu siku hiyo anapiga mswaki asubuhi na jioni. Anasimama akitazama ukuta. Hacheki, hashindani na mtu kutema. Anasugua kama aliyepewa sufuria ya kuosha kwa adhabu. Mwalimu aliyeshika nafasi yako bado anafanya ule mchezo wa kiwiko, na watoto wanapiga kelele kama zamani. Salima alimwambia, "Mimi najua meno yalipo," akaenda kusugua peke yake. Umri wako wote uliutumia kukifanya kitu hiki kiwe kicheko. Mimi kwa mtoto wako nimekifanya kazi, asubuhi moja ilitosha. Sikuandikii ili unisamehe. Nakupa habari kamili.

Jana alikuja barazani nikiwa nasoma. Jino lake la mbele linatikisika. Aliniuliza, "Likiota jipya, mama ataliona?"

Nikasema hapana.

Alifikiri kidogo. Akasogea karibu, akafungua kinywa, akasema, "Basi tazama wewe."

Nikaweka gazeti chini, nikatazama.

Nakuacha hapo ulipo, Mwanahawa. Makosa yako na yangu tumwachie Mwenyezi Mungu. Sina ahadi kubwa, na ufundi wako sinao. Akiniuliza, sitamdanganya. Akifungua kinywa, nitatazama.

Kaka yako