Kozi za Uchumi na Bonde la Shangazi

Lukozi,
Lushoto.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Josephina,

Shikamoo. Mwanao Clemence aliniambia masikio yako yamechoka na simu, kwamba siku hizi unapenda neno uliloandikiwa, ulisome kwa wakati wako. Basi nakaa niandike. Vipi hali yako huko Sumbawanga? Kifua kimetulia? Upepo wa huko bado mkali?

Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama analalamika goti akipanda kilima, ila akishuka halalamiki. Viazi vilipatwa na mnyauko mwaka huu, tukang'oa robo ya shamba. Maharage yamekubali.

Sasa nikueleze habari ya masomo, maana najua umeisikia vipande vipande, na kipande kimoja kinakuhusu.

Mwaka jana mwezi wa kumi niliomba kusoma uzamili wa uchumi wa kilimo. Unajua nimefanya kazi ya ugani hapa miaka kumi na moja. Nawafundisha watu kulima kabichi nzuri, halafu naitazama inaozea barabarani kwa kukosa bei. Nilitaka kuelewa hilo. Chuo kikanikubali, ila kwa sharti: shahada yangu ni ya kilimo kitupu, kwa hiyo nisome kwanza misingi ya uchumi na takwimu, nifaulu kabla ya mwezi wa nane. Nisipofaulu, nafasi apewe mwingine.

Kuacha kazi nikakae mjini kwa kozi mbili haikuwezekana. Nikatafuta za mtandaoni. Chuo cha kwanza kilikuwa cha nje, na ada yake ingemeza mavuno yetu yote. Cha pili kilikuwa rahisi mno na kiliahidi cheti baada ya wiki tatu. Nilikuwa karibu kulipa. Zabron, mwenzangu wa ofisini, akanizuia.

"Dada Modesta, umewauliza chuoni kwako kama cheti hicho wanakitambua?"

Sikuwa nimeuliza. Nilipouliza, wakajibu kwamba hawakitambui.

Baba alipoona nimenyong'onyea, akaamua kunisaidia kwa namna yake. Jumamosi moja nilishuka bondeni kuchuma figiri nikamkuta amesimama kwenye shamba lako na mkulima wa kabichi aitwaye Selemani. Walikuwa wanalipima kwa hatua. Baba alitaka kulikodisha kwa misimu mitatu, alipe ile ada ya chuo cha nje.

"Dada yangu hatakataa," akaniambia.

"Hatakataa kwa sababu ni wewe unayeomba," nikamjibu. "Tena hujamwomba. Hili bonde lina mwenyewe."

Selemani aliokota kofia yake akaenda zake. Baba akaninunia. Alikaa hivyo wiki nyingi, shangazi. Salamu yangu ya asubuhi aliipokea, basi. Nikihitaji kumwambia jambo, lilipitia kwa Mama.

Nikaendelea kutafuta. Mwishowe nilimwandikia mratibu wa uzamili kwenye chuo kilichonikubali, nikamuuliza swali moja: nikijisomea mwenyewe bure, nani anaweza kunipima mkakubali? Akanijibu siku ya pili kwa upole sana. Kuna chuo hapa hapa nchini kinachofundisha kwa masafa, kinaruhusu mtu ajiandikishe somo moja moja na kufanya mtihani Tanga. Masomo yenyewe yako mtandaoni, vyuo vikubwa vimeyaweka wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo nililipia kujiandikisha na mtihani tu, na mshahara wangu ulitosha.

Kwetu mtandao unasuasua, kwa hiyo video nilizipakua Lushoto mjini nikienda ofisi ya wilaya, nikazitazama jikoni jioni. Mama alikuwa anasikiliza pamoja nami ingawa Kiingereza hakijui. Siku moja akauliza, "Huyu mzungu kila siku anachora mstari mmoja unapanda, mmoja unashuka. Anauza nini?" Nikamweleza ndiyo bei inavyopatikana. Akasema, "Mwambie aje Lukozi siku ya gulio aone inavyopatikana."

Mtihani ulikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, na mvua ilikuwa haijakatika. Siku moja kabla ya safari tukasikia barabara ya kushukia Mombo imefunikwa na maporomoko ya udongo. Asubuhi natoka na begi langu, nikamkuta Baba nje amevaa buti na koti la mvua. Alilichukua begi akalibeba begani. Tulipanda gari mpaka penye udongo, tukashuka tukavuka kwa miguu, matope hadi magotini, yeye mbele.

Ng'ambo tulikaa juu ya jiwe tukikwangua viatu. Ndipo akasema, "Ulichosema bondeni kilikuwa kweli. Lakini ulikisemea mbele ya mgeni."

Nikasema, "Nisamehe, Baba."

"Nimeshasamehe. Panda gari, utachelewa."

Bonde lako liko salama, shangazi. Tumepanda karoti. Ukitaka likodishwe, hilo ni lako na Baba mkubaliane.

Matokeo yalitoka Julai. Uchumi nilipata vizuri. Takwimu nilipita kwenye tundu la sindano. Chuo kimenithibitisha, na mwezi ujao naenda Morogoro kukaa darasani na vijana wanaonipita kwa nguvu ya macho.

Nilipopata habari nilimfuata Baba shambani nikamweleza yote. Alisimamisha jembe.

"Hiyo ya pili, umeponea chupuchupu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi irudie kabla hujaondoka," akasema, akaendelea kulima.

Nimeifikia sura ya sita ya kitabu cha takwimu.

Mama anakusalimu sana, na Baba pia. Zabron, ambaye humjui, naye anasema shikamoo. Nisalimie Clemence na mkewe Lucy, na wajukuu wote. Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Modesta Yohane