Vifuko vya Maimuna na Ulimi wa Mama

Bongwe

Kwako Ishak, ndugu yangu wa tumbo moja,

Assalamu alaikum. Wajionaje huko Vanga? Goti lakusumbua bado? Mkeo Hafswa hajambo? Mimi mzima, tena nazidi ujana. Juzi nimepita sokoni Ukunda, wanawake wakasahau kupima nyanya kwa kunitazama. Maimuna, binti yangu anayeniandikia, amecheka mpaka kalamu imemponyoka. Simu umeizima tangu Rajabu, basi barua nimempa Kavumbi, anakuja huko kununua papa.

Maimuna yuko likizo. Kazi yake ya chuoni Nairobi usiifanyie mzaha. Anafuga chembe za ubongo wa panya kwenye kisahani, zi hai! Kila chembe ina vifuko vidogo vilivyobeba ujumbe, naye hutia humo kitu cha kung'aa. Kifuko kikiwa kimefungwa, mwanga hafifu. Kikifika ukingoni mwa chembe kikafunguka, chawaka kama kimulimuli. Anatazama kwa darubini, anapima vimefunguka vingapi na vimechukua muda gani. Nikamwambia mimi darubini ya nini, macho haya yaliiona Pemba kutoka Msambweni. Akaniomba ninywe chai yangu.

Lakini neno moja lilinikaa. Kasema upo ujumbe mwepesi, ukiigusa chembe mara moja watoka. Huu wa vifukoni mzito. Waigusa kidogo kwa umeme, kimya. Lazima uguse upesi upesi, tena na tena, ndipo vifunguke. Nikasema, kumbe chembe zina adabu za Pwani! Mgeni kwanza aulizwa hali, watoto, mbuzi, ndipo atoe lililomleta. Nikajisifu nimewafundisha maprofesa. Maimuna akasema walilijua yeye hajazaliwa.

Sasa nikufikishe kwa Mama. Kiharusi kilipomfunga ulimi ulikuja siku moja, ukampa shikamoo, hakuitika. Ukatoka viatu mkononi, ukamwambia jirani yetu Fauzia kwamba Mama amekunyima radhi kwa sababu ulihamia ukweni. Hujarudi. Mwenye ulimi uliokufa ganzi aitikeje, ewe kichwa cha nazi?

Mimi nikashika adabu ya chembe, sikukoma. Shikamoo Mama, umeamkaje Mama, uji umepoa Mama, mbuzi amezaa Mama. Fauzia akasema mgonjwa sasa ni mimi. Maimuna naye akanikanya: chembe za kisahanini si binadamu, na anayemsaidia Mama ni yule bibi wa hospitali anayemfanyisha mazoezi ya mdomo. Haya mwanangu, liandike hilo, usije ukasema babako mwongo.

Jumatatu, nikiwa katikati ya salamu zangu, Mama akafungua kinywa. Neno lake la kwanza: kelele. Wallahi nimelia, na Maimuna aandike nimelia kiume. Kisha akageuza macho mlangoni, akavuta pumzi, akataja jina. Si la huyu anayemnywesha uji! Kasema Ishak.

Radhi gani nyingine waitaka? Panda gari uje. Mlango ukilia tu, hulitaja tena jina hilo, akiniona mimi hugeukia ukutani. Nimechoka, ndugu yangu, kuingia chumba cha mamangu nikiwa siye amngojaye.

Msalimie Hafswa na wote wa nyumbani, na Mungu akufikishe salama.

Ni mimi kakako, mzuri kuliko wewe,
Boga