Msiba wa Kapteni

Mwenzangu, sura yangu nitaiweka wapi leo?

Nilijificha chooni kazini nimalizie ile tamthilia yetu kwenye simu. Kapteni amekufa! Nikatoka macho mekundu, nikamwangukia bosi begani: "Amekufa!"

Mama wa watu akanikumbatia. Akazimisha cherehani zote, mafundi wakasimama kimya kwa heshima ya marehemu. KIMYA! Kwa mtu wa kwenye tivii, ambaye hata hajui kama nilizaliwa!

Ningesema pale pale. Badala yake nikazidi kulia.

Bosi akauliza taratibu, "Marehemu ni nani wako?"

Nikanong'ona, "Kapteni. Wa kwenye tamthilia."

Nikangoja kufukuzwa. Wapi! Akakaa chini, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu," akasema, "mimi bado niko sehemu ya tano."