Notisi Haikuishia Kwenye Mkato

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe tu. Mdogo akiamka, dawa yake ya kikohozi iko juu ya friji. Gari naondoka nalo, usilitafute.

Asubuhi ulinisomea ile notisi ya polisi ya mwendo kasi kwa sauti ya hakimu, mbele ya watoto: "Mmiliki wa gari atahesabiwa kuwa ndiye aliyetenda kosa." Ukavua miwani, ukasema, "Pole, mke wangu. Gari lina jina lako. Mimi nifanyeje?" Na aliyekuwa akilikimbiza kuwahi mpira ni nani, kama si wewe?

Ulipoingia kuoga nikaisoma mwenyewe. Mwanasheria wangu, pale ulipovua miwani pana mkato, si nukta. Sentensi inaendelea: "isipokuwa kama atamtaja aliyekuwa akiendesha."

~~Nilitaka kwanza tuzungumze.~~ Nakwenda polisi kukutaja. Majina yako yote matatu nimeshayaandika, kwa herufi kubwa, kama walivyoelekeza.

Wakikupigia simu, pokea.

Mama Watoto