Tasnifu ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Tasnifu kumi na nne za mwaka wa mwisho, na mimi ndiye msahihishaji wa pili. Kumi na tatu nimezisoma neno kwa neno. Ya kumi na nne sikuifungua.

Saa kumi na nusu sekretari wa idara alikuwa amesimama mlangoni na bahasha yake, anasema akifunga ofisi bila alama zangu, nitajieleza mwenyewe kwa Mkuu. Dada yangu naye kapiga simu mara tatu — anahama, gari la mizigo limefika, na funguo za nyumba mpya ninazo mimi. Basi nikachungulia alama ya msahihishaji wa kwanza, Mzee wa Katiba, aliyetufundisha somo hilo sisi wenyewe. Sabini na nane. Nikaandika sabini na tano. Tatu nilizipunguza ili ionekane nimesoma!

Jaladani kuna namba tu, jina hakuna. Mada: madiwani wanaotia sahihi mihtasari ya vikao ambavyo hawakuhudhuria. Nilicheka. Kisha nikatia sahihi yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao cha kumchagua mwanafunzi bora wa shahada ya kwanza. Si cheti tu. Jina linaandikwa kwenye ubao wa pale ngazini, na aliyechaguliwa anabaki idarani kama msaidizi wa mhadhiri. Nafasi ni moja.

Wawili walikuwa sare masomo yote. Ikabidi tasnifu iamue. Mmoja wastani sabini na saba, mwingine sabini na sita na nusu. Ndipo Mkuu akafungua orodha ya majina. Aliyeshinda ni Mheshimiwa, tunamwita hivyo kwa tai zake. Aliyeshindwa ni Bi Kwanini.

Namba yake pale orodhani niliikumbuka palepale. Ile tasnifu ya kumi na nne!

Bi Kwanini, ambaye miaka mitatu hajaniacha nimalize mhadhara bila "kwa nini, mwalimu?" Mzee wa Katiba akanung'unika kwamba nusu alama ni kitu kidogo sana cha kumtenga mtu. Akanitazama. Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatatu, 10 Juni

Amekuja ofisini. Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Mzee wa Katiba kamwambia mimi ndiye niliyesahihisha mara ya pili. Alisimama na daftari wazi.

"Mwalimu, sikuja kudai. Nataka tu kujua ilipopwaya, nijifunze."

Ningesema hapo hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Badala yake mdomo wangu ukajisemea: sura ya tatu. Imerefuka, nikamwambia, inachosha kidogo. Hivi nilijuaje kama kuna sura ya tatu? Aliandika yote. Akanishukuru.

Jamani, mimi ni mtu gani?

Jumamosi, 15 Juni

Nimeisoma leo, mezani jikoni, asubuhi nzima. Chai imepoa mara mbili.

Ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote kumi na tatu, na ile ya Mheshimiwa ikiwemo, ingawa kijana wa watu hana kosa, naye kajituma. Na sura ya tatu ndiyo roho yake. Kamtafuta karani mstaafu wa baraza la kata, aliyeandika mihtasari kabla ya vikao kwa miaka tisa. Akamwuliza alianzaje. Yule mzee akajibu: mara ya kwanza mkono ulitetemeka, mara ya pili nilikuwa na haraka tu.

Nilifunga ukurasa, nikaenda kusimama kwenye sinki.

Baba watoto akaniuliza mbona nimenuna kama niliyenyimwa cheo. Nikamwambia yote. Akasema kumbe aliyenyimwa cheo si mimi. Hakunikaripia. Alichukua vikombe akaviosha.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeandika barua. Mistari minne: sikuisoma, alama ni ya kubuni, naomba isahihishwe upya, niko tayari kwa lolote. Nikapanda nayo kwa Mkuu.

Ngazini nikamkuta fundi wa mabango juu ya kiti, amefika nusu ya jina la Mheshimiwa. Rangi mbichi. Kaniambia nipite taratibu, nisimguse.

Mkuu alinipokea kwa furaha. Kabla sijakaa akasema, "Dada, kesho wewe ndiye utakayesoma sifa za mshindi. Nimekuchagua makusudi. Wengine hapa wananakili tu alama ya mwenzao, wewe huwa unasoma."

Nikacheka. Nilicheka kweli! Nikasema asante. Barua imerudi nyumbani ndani ya pochi.

Jumanne, 18 Juni

Daftari nimelisahau nyumbani. Naandika nyuma ya ratiba ya hafla, ukumbini, safu ya pili. Nikikaa bure nitalia.

Mheshimiwa yuko mbele na mama yake. Mama kamnyoosha tai mara nne. Nikisema, namvua mtoto huyu ushindi mbele ya mama yake. Nisiposema, nimemvua mwingine.

Na huyo mwingine amekuja kukaa kando yangu, viti vyote hivi! Kaniletea sura ya tatu mpya. Ameiandika upya wiki nzima. Nimefungua. Karani hayupo. Pale alipokuwa pana jedwali.

"Nilimtoa yule mzee, mwalimu. Nilihisi ndiye aliyekuchosha. Sasa imekaa sawa?"

Barua iko kwenye pochi, pochi iko mapajani.

Mkuu yuko kwenye kipaza sauti. Amelitaja jina langu. Watu wanapiga makofi na mimi nainamia karatasi. Bi Kwanini ananigusa kiwiko, anasema naitwa. Halafu anatazama karatasi ninayoandika.

"Ni maoni ya sura yangu hayo, mwalimu?"

Nimesema ndiyo.

Amenyoosha mkono apewe karatasi hii.