Kwa Kaka Anayekula Amesimama

Kaka yangu Maganga,

Shikamoo. Nakusikia ukiitikia, "Marahaba, Mheshimiwa," kwa ile sauti ya kunitania uliyoianza siku niliyochaguliwa kuwasemea wanafunzi wenzangu chuoni, na ambayo hujaiacha hadi leo. Nitanie upendavyo, lakini barua hii isome mpaka mwisho. Umemwambia Mama kwenye simu kwamba likizo yako ijayo utaimalizia kambini, "nisiwasumbue." Mama aliiweka simu chini, akaenda kupepeta karanga ambazo alikuwa amekwisha kuzipepeta asubuhi. Mimi sijui kupika kama yeye, na bunduki siijui kabisa. Silaha niliyo nayo ni maneno. Nakuja nayo kwako kukuomba jambo moja tu: urudi nyumbani Mtendeni, ukae, ule.

Nimeiacha barua hii wazi kwa makusudi, yeyote aisome. Wako kina mama wengi katika nchi hii wanaopepeta karanga zilizokwisha kupepetwa.

Unakumbuka siku ulipoondoka mara ya kwanza kwenda kulinda amani katika nchi ya watu? Mama alikujazia begi vyakula vyetu vya safari: michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, vinavyotaka chungu na moto, na matobolwa, vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ambavyo mtu huvitafuna hivyo hivyo njiani. Ukalalamika kwamba begi limekuwa zito.

"Mama, jeshi linatulisha."

"Jeshi litakulisha," akakujibu, huku akiendelea kushindilia. "Mimi nimekupikia. Hayo ni mambo mawili."

Babu, aliyekuwa amefika kutoka Goweko kukuaga, akatoa hotuba yake ile ile, kwamba wazee wake walikuwa wapagazi, kwamba walitembea kutoka Unyanyembe hadi pwani na pembe za ndovu za watu wengine mabegani na viazi vyao wenyewe kiunoni. Alisema jioni msafara uligawanyika katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake na moto wake, na mtu aliyekula nje ya chungu cha wenzake, wote walijua kwamba ni mgonjwa au ana lake moyoni. Tulikuwa tumeisikia hotuba hiyo mara nyingi kiasi kwamba tuliimalizia pamoja naye, mimi na wewe, kwa sauti moja. Akatuita wajukuu wasio na adabu, kisha akakutia asali kwenye chupa.

Likizo yako ya kwanza ulituletea zawadi ambayo sidhani kama nyumba nyingine hapa mtaani imewahi kuipokea: pakiti ya rasheni, chakula cha askari aliye porini, ndani ya mfuko wa rangi ya udongo, kana kwamba hata maharage yanapaswa kujificha adui asiyaone. Uliipangua juu ya mkeka kama fundi anayepanga vifaa vyake: kopo la nyama, maharage, biskuti ngumu, jemu ya kukamua, chai ya unga, kijiko cha plastiki, na ule mfuko mdogo wa kupashia chakula, unaotiwa maji kidogo ukachemka wenyewe. Ulipoanza kutoa mvuke, Mama alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Kinachemka, na moto hakuna? Maganga, kitu hiki mmekiombea?"

Babu aliionja nyama kwa ncha ya ulimi, akatafakari.

"Mjukuu wangu, ng'ombe huyu alichinjwa lini?"

"Kabla sijaajiriwa, Babu."

"Basi ni mkubwa wako kazini. Mpigie saluti."

Kisha akaigonga biskuti kwenye mwimo wa mlango, akasikiliza mlio wake, akatangaza kwamba sasa ameelewa jinsi vita vinavyokwisha: adui hupigwa nayo hiyo. Biskuti zilizobaki Mama alizifungia kabatini, kwa sababu chakula hakitupwi, hata kile kisicholika.

Siku hiyo ulikaa, Kaka. Ulikunja miguu kwenye mkeka, ukala na sisi sinia moja, ukasimulia mpaka ugali ukaota ngozi. Ulituambia jinsi mlivyobadilishana vyakula na askari wa mataifa mengine, wao wakitoa jibini na chokoleti, ninyi mkitoa pilipili. Na jinsi mmoja wao alivyohangaika na kipande cha matobolwa akiamini ni ngozi ya kiatu, halafu akarudi kuomba kingine. Ulimtaja pia mwenzako, kijana wa Newala, ambaye jina lake sitaliandika hapa. Kila mlipofungua pakiti alikuachia jemu yake kwa kuwa unapenda vitamu, nawe ukamwachia nyama yako. Mimi, kama kawaida, nilikuwa na swali. Mnalinda amani ya nani? Nani aliyeivunja, na nani anayewauzia risasi waivunjao? Ukanisogezea sinia. "Swali zuri sana, Mheshimiwa. Ugali unapoa." Na muhula uliofuata, tulipoyagomea chuoni maharage yenye wadudu, ulinitumia ujumbe: "Mmeyagomea maharage ya moto? Sisi tungeyaandalia gwaride."

Nimeuhifadhi ujumbe huo. Nikichoka na mikutano, huusoma.

Kisha ukaja mara ya mwisho. Mama alisonga ugali, akaunga karanga kwenye nsansa, yale majani makavu ya kunde unayoyapenda, akakaanga na migebuka, wale samaki wanaoletwa kwa treni kutoka Kigoma. Alipofumba macho kushukuru, macho yako yalikuwa wazi, yameelekea mlangoni. Hukukaa. Ulimega tonge ukala umeegemea ukuta, haraka, karibu bila kutafuna, na sisi tulipokuwa bado mwanzoni wewe ulikuwa umekwisha kunawa. Ukaenda kusimama mlangoni, umetugeuzia mgongo, mpaka tulipomaliza. Kesho yake vivyo hivyo. Na keshokutwa.

Mama aliumia. Kwetu mtu asiyekaa kwenye sinia anasema neno, hata kama amenyamaza. "Mwanangu anakula kwangu kama abiria anayeogopa kuachwa na treni," aliniambia jikoni. "Nimemkosea nini?" Mimi, ninayejua kuwajibu wakubwa mbele ya umati, nilichutama pale nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Lakini Mama si mtu wa kushindwa haraka. Alifungua kabati, akazitoa zile biskuti zako za zamani, akazivunja, akaziloweka, akazipika kwa karanga za kutwanga, sawasawa na apikavyo michembe. Uliingia jikoni, ukachungulia chunguni, ukaganda.

"Mama. Hizo ni biskuti za jeshi."

"Kavu, ngumu, zimetoka safarini," akasema. "Kwangu mimi hiyo ni michembe."

Ulicheka, Kaka! Ulicheka mpaka ukashika ukuta, ukateremka nao taratibu hadi sakafuni, ukakaa. Mama akakupa mwiko. Ulikula chunguni, unapuliza, unalamba, unasema mpishi mkuu wa jeshi akijua atajiuzulu. Hukutazama mlango hata mara moja. Mama alikuwa akikutazama wewe.

Hata hivyo uliondoka kabla likizo haijaisha. Nilikusindikiza stesheni, nikatununulia chai na chapati. Ulikula yako kwa haraka ile ile, kisha ukanigeuzia mgongo, ukasimama kati yangu na watu wote waliokuwa pale.

"Kula," ukasema. "Nipo."

Nikacheka. "Unanilinda na nani, afande? Na wauza asali?"

Hukucheka. Ulinijibu ukiwa bado umenipa mgongo. "Kule mmoja anakula, mwenzake analinda. Ukimaliza, unampokea. Kwa hiyo unakula upesi, ili na yeye ale."

Ndipo nikakuuliza habari za kijana wa Newala, nani anampokea sasa ukiwa huku. Uliendelea kuwatazama watu wa stesheni, mmoja mmoja.

"Ilikuwa zamu yangu ya kula," ukasema.

Treni ikaja. Ulinishika kichwani kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa darasa la kwanza, ukapanda. Nilibaki na kikombe mkononi mpaka mabehewa yakapotelea upande wa Goweko na Tura, na mwenye chai akanijia kukidai.

Kaka, mimi nimezoea kusema kwa hasira, na hasira ninayo. Tunawasindikiza vijana wetu kwa bendi, tunawapokea kwa bendi, tunawavalisha nishani vifuani. Kisha tunawakalisha mezani na kuwauliza mbona hawali vizuri. Nani aliyetufundisha sisi, tuliobaki nyumbani, namna ya kumpokea mtu ambaye mwili wake umerudi lakini zamu haijamwachia? Taifa linalojua kufunga chakula cha askari kikakaa miaka bila kuoza, je, limeshindwa kutafuta njia ya kumrudisha askari huyo kwenye sinia la mama yake? Swali hili nitaliuliza kila nitakapopewa kipaza sauti, na hata nitakaponyimwa. Ila najua halitakuleta nyumbani. Wewe hujawahi kuletwa na hotuba.

Basi nikuambie kilichotokea baada ya treni kuondoka. Nilimweleza Mama kila neno. Alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo pale mlangoni," akasema, "alikuwa anatulinda sisi."

"Ndiyo, Mama."

"Nami nikamwita abiria."

Akamaliza kuchambua. Kisha akainuka, akaukunja mkeka wa chakula, akauhamishia upande wa pili wa chumba, ukutani, mahali ambapo mtu akikaa mgongo wake unalindwa na matofali na mlango uko mbele ya macho yake. Akakaa hapo mwenyewe kupajaribu. Akanikalisha na mimi. "Anaona hadi barabarani," akasema. Tangu siku hiyo tunakula hapo, na ile nafasi ya katikati haikaliwi na mtu. Babu alipokuja alijaribu kuikalia, akafukuzwa kama kuku. Akanung'unika kwamba mpagazi mzee hana heshima siku hizi, akakaa pembeni. Kabla ya kula, Mama humwomba Mungu amtie nguvu mama mmoja wa Newala aliyefiwa na mwanawe, ambaye hamjui. Husali macho yakiwa wazi. Anasema Mungu hajali hilo, na wewe ukija hutajiona uko peke yako.

Kaka, kijana yule alisimama ili wewe ule. Sijui vita, na sitajifanya kukufundisha huzuni yako. Lakini mtu aliyekuachia jemu yake kila siku, sidhani kama alitaka uishi maisha yako yote ukimeza bila kutafuna.

Matobolwa ya mwaka huu yamekauka vizuri, na Mama amekataa katakata kuyafunga kwenye kifurushi. Akiyatuma, anasema, utayala huko huko kambini; yakibaki hapa, itabidi uyafuate. Mwanamke huyu hakusoma mbinu za vita, lakini angewatoa jasho wakuu wako.

Njoo. Ukishindwa kukaa siku ya kwanza, tutasimama wote, tutakula tumeegemea ukuta kama familia ya wendawazimu, na majirani waseme. Siku ya pili tutajaribu tena. Na siku utakapokaa, Kaka, kula polepole. Nyuma yako patakuwa na ukuta tu, hapatakuwa na mtu anayengoja umalize ndipo naye ale. Sote tumekaa.

Mdogo wako,
yule yule Mheshimiwa