Babu na lengo la kitandani

Kuluthumu, sijui nitamwangaliaje tena bibi yangu Apolinaria.

Nimemlalamikia tu kwamba kila tukilala pamoja mume wangu anauliza, "Umefika?" Akasema babu naye alikuwa hivyohivyo.

Mwaka sabini na nne babu alikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa huko Puge. Akimaliza tu anauliza, "Lengo limetimia?" Kama anauliza habari za mavuno ya pamba ya kijiji. BIBI YANGU ananiambia haya.

Siku moja ya mvua bibi akamwambia, "Leo hakuna lengo. Nishike tu, taratibu."

Babu akauliza, "Mpaka saa ngapi?"

Wakakaa hivyo mchana kutwa. Hakuna aliyefika popote, na bibi anasema hajawahi kuridhika vile.

Wajumbe wakaja kumgongea, kikao kinamsubiri. Babu akawajibu kutoka kitandani, "Endeleeni bila mimi. Huku hatuna haraka."